Uvumi Garissa: Tatizo si simu, ni imani iliyovunjika

TAREHE 1 Aprili 2015, habari ya kweli ilizunguka katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, nayo ikachukuliwa kuwa mzaha.

Habari hiyo ilisema kwamba watu wasiojulikana wameonekana mjini na kwamba huenda chuo kikashambuliwa. Baadhi ya wanafunzi walionusurika waliwaeleza wanahabari baadaye kuwa tahadhari hiyo haikutiliwa maanani kwa sababu ilikuwa Siku ya Wajinga, ambapo watu hudanganyana kwa kujifurahisha.

Siku hiyo hiyo, Rais Uhuru Kenyatta alizikosoa hadharani tahadhari za usafiri ambazo Uingereza na Australia zilikuwa zimewapa raia wao, akashikilia kwamba Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote.

Kesho yake alfajiri, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia chuoni. Idadi ya waliouawa ilizidi kupanda katika taarifa za serikali kutwa nzima, na ilipofika usiku ikawa 147. Hatimaye ilithibitishwa kuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Siku kumi baada ya mauaji hayo, Jumapili ya tarehe 12 Aprili, mlipuko uliosababishwa na hitilafu ya umeme ulisikika kabla ya mapambazuko karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kikuyu. Wanafunzi hao, ambao mawazoni mwao maafa ya Garissa yalikuwa bado mabichi, waliamini kwamba magaidi wamewafikia. Wengine waliruka kutoka orofa za juu. Mwanafunzi mmoja alifariki na wengine zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja.

Matukio haya mawili yanafaa kuwekwa bega kwa bega kila mara tunapojadili janga la habari za uongo nchini. Garissa, ukweli ulikataliwa. Kikuyu, uongo uliaminiwa. Kotekote, damu ilimwagika.

Funzo lake ni kwamba hatari kuu si uongo pekee. Hatari kuu ni mwananchi kupoteza kipimo cha kutofautisha uongo na ukweli, asijue amwamini nani na kwa sababu gani. Na hakuna sehemu ya Kenya ambako kipimo hicho kimevunjwa kwa muda mrefu zaidi kuliko Kaskazini Mashariki, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Takwimu na wasiohesabiwa

Utafiti wa kitaaluma kuhusu habari za uongo umepanuka mno tangu mwaka 2016, baada ya uchaguzi wa urais wa Marekani uliompa ushindi Donald Trump. Kenya nayo haikuachwa nyuma.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2017, kampuni za Portland na GeoPoll ziliwahoji Wakenya 2,000 kwa njia ya ujumbe mfupi wa simu. Asilimia 90 walisema wamewahi kuona au kusikia habari za uongo kuhusu uchaguzi huo. Asilimia 87 waliona kwamba habari hizo zilitungwa kwa makusudi ili kupotosha.

Mwaka 2019, wasomi Herman Wasserman na Dani Madrid-Morales walichapisha utafiti uliolinganisha Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Waliohojiwa walisema wanakutana na habari za uongo kwa wingi, na wale waliohisi kuzungukwa na uongo ndio ambao imani yao kwa vyombo vya habari ilikuwa imepungua. Utafiti huo ulifanywa kupitia intaneti.

Kazi hizi ni za thamani, na zimetuonyesha ukubwa wa tatizo. Hata hivyo, tujiulize: ni Mkenya yupi anayejibu maswali kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu? Ni mtu mwenye simu, mwenye mtandao, na anayejua kusoma lugha aliyoulizwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa kisomo cha watu wazima, uliofanywa mwaka 2006 na matokeo yake kutolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba asilimia 61.5 ya Wakenya wazima walijua kusoma na kuandika. Nairobi ilikuwa na asilimia 87.1. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na asilimia 8. Miaka imepita na shule zimeongezeka, lakini waliokuwa watu wazima wakati ule ndio wazee wa leo, ambao neno lao huamua iwapo kijiji kitahama, kitapigana au kitakubali chanjo.

Mzee wa Fafi au wa Ijara hupata habari kwa redio, kwa simu ya jamaa aliye Eastleigh, kwa dereva wa lori, msikitini au mnadani mifugo inapouzwa. Njia hizo hazionekani katika vipimo vya mtafiti anayehesabu machapisho ya Facebook.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa habari za uongo umeegemea mno upande wa simu. Mwaka 2018, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa na watu milioni tatu hivi katika mtandao wa Twitter kati ya 2006 na 2017. Walibaini kuwa habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, na kwamba waliobeba lawama kubwa walikuwa binadamu wenyewe wala si mitambo, kwa vile uongo huwa na upya unaovutia.

Uchunguzi huo unatueleza jinsi uongo unavyokimbia. Hautuelezi kwa nini katika mji mmoja uongo hupokelewa kama maji ya kiangazi, na katika mji mwingine hupuuzwa. Kwa jibu hilo, tunalazimika kurejea kwa wasomi wa zamani.

Pengo hujazwa

Mwaka 1947, wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Leo Postman walichapisha kitabu kuhusu uvumi, kilichotokana na uzoefu wa Vita vya Pili vya Dunia. Walitoa kanuni nyepesi: nguvu ya uvumi hutegemea mambo mawili yanayozidishana, yaani uzito wa jambo kwa msikilizaji na utata wa ushahidi uliopo.

Kwa kuwa mambo hayo huzidishana, moja likiwa sufuri basi jawabu ni sufuri. Jambo lisilomhusu mtu halimpi uvumi. Jambo zito ambalo ushahidi wake uko wazi pia halizai uvumi. Lakini jambo la kufa na kupona lililogubikwa na kiza huuzaa kila siku.

Mwaka 1966, mwanasosholojia Tamotsu Shibutani alikwenda mbali zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa kambini wakati wa vita hivyo, na aliona uvumi ukizaliwa mbele ya macho yake. Alisema uvumi si upumbavu wala si ugonjwa. Ni habari ambayo watu hujitungia kwa pamoja wanapohitaji kujua jambo, na njia rasmi zikawa hazitoshi au haziaminiki.

Mwenye kuifahamu Kaskazini Mashariki atakiri kwamba Shibutani ni kama aliyeandika kuihusu.

Ukimya wenye historia

Kabla hakujawa na simu ya mkononi, kulikuwa na Bulla Kartasi. Mnamo Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa katika baa moja mjini Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza makazi ya watu na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Nchi nzima ilikuwa chini ya vyombo vya habari vilivyochelea kuigusa serikali, na kwa miaka mingi yaliyotokea hapo yalibaki kusimuliwa kwa kunong'onezana.

Mnamo Februari 1984 yakafuata mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura na jamaa zao wameshikilia kwamba walikuwa maelfu. Kati ya 57 na maelfu kuna pengo ambalo hakuna mtu wa Wajir anayeweza kuliruka na kutua upande wa serikali.

Sehemu hiyo ya nchi iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya vita vya shifta hadi mwaka 1991. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Garissa baada ya uhuru alikua akijua mambo mawili: kwamba serikali inaweza kumfanya lolote, na kwamba baadaye inaweza kusema halikutokea.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake mwezi Mei 2013, na masaibu ya eneo hili yamo. Rais Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za zamani tarehe 26 Machi 2015, akaahidi hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa. Ilikuwa wiki moja tu kabla ya shambulio la Garissa.

Hii ndiyo sababu ni kosa kudhani kwamba mkazi wa Garissa anayeamini uvumi ni mjinga anayehitaji kufundishwa. Mara nyingi ni mtu mwenye kumbukumbu. Methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kwake si methali tu. Ni muhtasari wa aliyoyaona, kwani yale ambayo serikali iliyaita uvumi mwaka 1984 ndiyo ambayo tume yake yenyewe iliyaandika mwaka 2013.

Wala tabia ya ukimya haikukoma na karne iliyopita. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya ilivamiwa katika eneo la El Adde, Somalia, ng'ambo ya mpaka wa Mandera. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Picha za kutisha zikasambaa mitandaoni, wananchi wakaonywa dhidi ya kuzisambaza, na mwandishi mmoja wa habari akakamatwa siku chache baadaye kwa yale aliyokuwa ameandika. Mwezi uliofuata, ni Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, aliyetaja katika mahojiano ya televisheni idadi iliyokaribia 200, nayo Kenya ikaipinga bila kutoa yake.

Familia zilizokuwa zikisubiri habari za vijana wao zilipewa nini, ikiwa si uvumi? Je, ni haki kumlaumu mzazi kwa kutafuta picha ya mwanawe mtandaoni ilhali hakuna ofisi iliyompa jibu?

Dadaab na njaa ya habari

Ushahidi wa karibu zaidi kwamba kukosa habari ni hatari kama kupewa habari za uongo umo ndani ya Garissa yenyewe, katika kambi za wakimbizi za Dadaab.

Mwaka 2011, ukame na vita viliwasukuma Wasomali kwa makumi ya maelfu kuvuka mpaka, na idadi ya wakimbizi kambini ikazidi laki nne. Mwezi Agosti mwaka huo, shirika la Internews na washirika wake walifanya utafiti kuhusu mahitaji ya habari miongoni mwa wakimbizi. Zaidi ya asilimia 70 ya waliokuwa wamewasili karibuni walisema hawakuwa na habari za jinsi ya kujiandikisha ili wapate msaada. Idadi kama hiyo ilitaka kujua namna ya kuwatafuta jamaa waliopotea.

Chakula kilikuwapo, hema zilikuwapo, wafanyakazi wa misaada walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama aliyetembea majuma kadhaa aende kwenye foleni ipi. Katika hali hiyo, anayejidai kujua hugeuka mfalme, na laghai hupata riziki.

Dawa iliyotumika haikuwa kuwakamata waliosambaza uvumi. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa: kipindi cha redio kwa lugha ya Kisomali kupitia kituo cha Star FM, kilichowajibu wakimbizi maswali waliyouliza wao wenyewe.

Linganisha na yaliyofuata shambulio la chuo kikuu. Tarehe 11 Aprili 2015, Naibu Rais wa wakati huo William Ruto alilipa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi miezi mitatu kuihamisha Dadaab. Hata hivyo, mshambuliaji ambaye Wizara ya Usalama wa Ndani ilikuwa imemtambulisha kwa jina siku chache kabla ya hapo alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa chifu kutoka Mandera. Baba huyo alikuwa ameripoti kwa wakuu kwamba mwanawe ametoweka.

Amri ya kuifunga kambi ilirudiwa mwezi Mei 2016, kisha Mahakama Kuu ikaibatilisha tarehe 9 Februari 2017. Katika kipindi hicho chote, mamia ya maelfu ya watu waliishi wakiulizana kila asubuhi iwapo malori yanakuja kuwabeba. Kauli za namna hii, zinazotolewa bila maelezo na kubadilishwa bila maelezo, huzaa uvumi mwingi kuliko mtungaji yeyote wa habari feki.

Chanjo na swali la mama

Afya ya umma ndipo gharama huonekana wazi zaidi. Mwezi Mei 2013, polio iliibuka Dadaab, na mwaka huo Kenya ikapata wagonjwa 14. Mwaka 2023, virusi vya ugonjwa huo vilipatikana tena katika kambi ya Hagadera. Kila mara, jibu la serikali na mashirika ni kampeni ya chanjo ya nyumba kwa nyumba, na kila mara kampeni hiyo hukutana na minong'ono.

Tusiharakishe kuinyooshea kidole jamii ya wafugaji. Ni maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini, wasomi wasiohitaji kufundishwa kusoma, waliodai mwaka 2014 kwamba chanjo ya pepopunda iliyolenga wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na Unicef walikanusha, lakini mjadala ulienea nchi nzima. Uvumi hauchagui kabila, dini wala shahada.

Mama wa kijiji kisicho na kisima wala barabara ana haki ya kuuliza kwa nini wageni wanamletea matone ya bure mlangoni ilhali maji aliyoomba miaka kumi hayajafika. Swali lake si uongo. Likijibiwa na mhudumu wa afya anayemjua, kwa lugha yake, huisha. Likipuuzwa, mwingine atalijibu.

Somo kutoka ng'ambo ya daraja

Ukivuka daraja la mto Tana kutoka mjini Garissa unaingia Kaunti ya Tana River. Mto huo unapoteremka kuelekea baharini huunda delta, ambako kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo na Waorma walichinjana kwa ajili ya malisho, maji na siasa. Katika kijiji cha Riketa pekee, zaidi ya watu 50 waliuawa tarehe 22 Agosti 2012, wengi wao wanawake na watoto.

Uvumi ulikuwa mafuta ya moto huo. Kijiji kilisikia kwamba jirani wanajipanga kushambulia, kikaona heri kutangulia. Jirani naye alikuwa amesikia hayo hayo.

Baada ya mapigano, shirika la Sentinel Project kutoka Kanada lilishirikiana na watafiti wa iHub ya Nairobi kuanzisha mradi ulioitwa Una Hakika. Mkazi aliyesikia jambo la kutia hofu alituma ujumbe bila malipo au kumweleza mjumbe wa kijiji chake. Wahudumu wa mradi waliliandikisha, wakaliuliza kwa watu wa kuaminika walio karibu na tukio, wakiwemo wazee, machifu, polisi na wauguzi. Kisha walirudi kwa mkazi huyo na majirani zake kuwajulisha lililobainika: ni kweli, si kweli, au bado haijathibitika.

Mambo matatu katika mradi huo yanastahili kuzingatiwa na kila anayeitafutia Garissa tiba.

Kwanza, mkazi hakuchukuliwa kama mshukiwa. Alikuwa mshirika. Aliyeuleta uvumi hakuulizwa kwa nini anaeneza chuki, bali alishukuruwa kwa kuuliza kabla ya kuchukua panga.

Pili, waliokuwa na simu na wasiokuwa nazo walihudumiwa sawa, kwa kuwa kulikuwa na wajumbe wa kibinadamu. Teknolojia ilikuwa chombo tu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, jibu la kwamba jambo bado halijathibitika lilihesabiwa kuwa jibu. Wakuu wetu wengi huona aibu kusema hawajui. Hunyamaza, au husema kila kitu ni shwari. Lakini mwananchi akiambiwa kila siku kwamba ni shwari, siku ya hatari hatakuwa na neno la kumwamsha.

Sheria na kizingiti chake

Njia iliyopendelewa na serikali imekuwa ya adhabu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, iliyotiwa saini tarehe 16 Mei 2018, iliweka faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka miwili kwa anayechapisha habari za uongo kwa kusudi. Pale habari hizo zinapolenga kuzusha taharuki au kuharibu sifa ya mtu, kifungo kiliwekwa cha hadi miaka kumi. Chama cha wanablogu kilienda mahakamani. Mahakama Kuu ikavisimamisha vifungu kadhaa, kisha mwezi Februari 2020 ikaiidhinisha sheria hiyo, na chama kikaenda katika Mahakama ya Rufaa.

Hakuna anayetetea mtu anayetunga uongo ili watu wauane. Ila tuwaze: ingekuwapo sheria hiyo tarehe 1 Aprili 2015, mwanafunzi aliyetuma ujumbe kwamba magaidi wamo mjini angekuwa katika hali gani? Hakuwa na ushahidi. Alichosema kilitia taharuki. Kiongozi wa nchi alikuwa amesema kinyume chake. Hadi kufikia usiku wa manane, ujumbe wake ulikuwa na kila alama ya habari ya uongo. Kulipopambazuka, ukawa ndio habari pekee ya kweli.

Sheria inayomtisha msema uongo humtisha pia msema kweli asiye na uhakika. Na katika mambo ya usalama, karibu kila habari ya kweli huanza kama habari isiyo na uhakika.

Kuna pia uhalisia wa ardhini. Tarehe 13 Januari 2020, Al-Shabaab walivamia Kamuthe, Garissa, wakawaua walimu watatu na kuharibu mlingoti wa mawasiliano. Milingoti mingi imelipuliwa hivyo katika kaunti hizi tatu. Mashambulizi hayo yalifuatiwa na kuhama kwa walimu wasio wenyeji, na madarasa yakabaki matupu. Mahali ambapo mtandao umekatwa na mwalimu ameondoka, hakuna kifungu cha sheria ya kompyuta kinachoweza kusaidia. Kinachobaki ni neno la msafiri.

Desturi ambayo watafiti hawajaiona

Na neno la msafiri, katika jamii ya Wasomali, lina utaratibu wake. Wanapokutana, salamu yenyewe ni ombi la habari: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, amani ipo? Msafiri ana wajibu wa kueleza, na anayesikia ana haki ya kuhoji.

Lakini mfugaji hahamishi ngamia wake kwa neno la mtu mmoja. Hutuma sahan, yaani watu wanaotangulia kukagua malisho na maji kwa macho yao kisha kurudi kueleza. Aliyetumwa akileta habari za uongo, mifugo hufa na jina lake huharibika kwa miaka. Aidha, Waislamu, ambao ndio wengi wa wakazi, wanaijua sura ya Al-Hujurat inayowaamuru kuchunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua.

Jamii yenye desturi hizi haikosi hekima ya kupima habari. Imekosa vyanzo vya kuvipima. Sahan wa leo anayetaka kujua ukweli wa operesheni ya usalama, idadi ya waliokufa au sababu ya barabara kufungwa hana pa kwenda.

Hapo ndipo wasomi wetu wanapohitajika. Chuo Kikuu cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, miezi tisa baada ya mauaji. Hakuna taasisi iliyo na sababu kubwa zaidi ya kulivalia njuga somo hili. Utafiti tunaouhitaji ni ule unaofanywa kwa Kisomali, minadani, misikitini, vituo vya afya na kando ya visima, ukiuliza si tu umesikia uongo gani, bali ulimuuliza nani ulipousikia, na kwa nini huyo.

Nayo serikali, ya kitaifa na za kaunti, ina mambo ya kufanya yasiyohitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Iwe na msemaji anayezungumza kwa Kisomali katika redio za hapa saa chache baada ya tukio, hata kama ni kusema tu kwamba uchunguzi unaendelea. Itoe idadi ya wafu na kuirekebisha hadharani inapobadilika. Milingoti ya mawasiliano ilindwe kama vinavyolindwa visima. Na mwananchi anayepiga simu kuripoti watu asiowajua asigeuzwe mshukiwa wa kwanza, maana wengi wameacha kupiga kwa sababu hiyo.

Zaidi ya yote, deni la Wagalla na Bulla Kartasi lilipwe. Miaka mingi tangu ripoti ya tume iwasilishwe, waathiriwa wangali wakiulizia utekelezaji wake. Huenda ikaonekana ajabu kuunganisha mauaji ya 1984 na ujumbe wa WhatsApp wa leo, lakini mzee anayeusikiliza ujumbe huo ukisomwa na mjukuu wake huyaunganisha bila taabu. Anapoambiwa kwamba serikali imekanusha, hukumbuka ilivyokanusha zamani.

Siku nyingine itafika ambapo mtu atapita Garissa na tahadhari ya kweli mdomoni. Kama wakati huo ofisi ya serikali itakuwa imezoeleka kusema kweli hata inapoiumiza, watu watapiga simu huko kuuliza, watajibiwa, na watalala mbali na hatari. Kama sivyo, watatazamana kama walivyotazamana wanafunzi wale, kisha watacheka na kwenda kulala.